MALAPA, JAHAZI NA MTO KAGERA: Sanaa ya plastiki ilivyoanzishwa na watu ambao hakuna anayewajua majina

Mtu wangu, leo tunaongelea sanaa ya plastiki ya baharini, na tunaiongelea tukiwa Ngara na Biharamulo. Najua umeshacheka. Kutoka Rusumo mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,000, malori na matuta njia nzima, na wapo wazee kule ambao bahari wameiona kwenye TV tu. Sasa sanaa ya taka za bahari inawahusu nini? Tulia, tutafika.

Tuanze na gari. Kama umekulia mkoani au umewahi kupelekwa likizo kwa bibi, hili gari unalijua. Bodi ni kidumu cha mafuta ya kula kilichokatwa ubavuni, ekseli ni fito mbili, na mbele kuna kamba ya kuvutia. Matairi ni malapa yaliyokufa, yamekatwa mviringo kwa wembe au kisu cha jikoni (na ukikamatwa na hicho kisu unachapwa). Mwenye uwezo alipiga matairi sita nyuma likawa semi. Hakuna mtoto wa Ngara, Biharamulo, Tandahimba au Temeke aliyefundishwa darasani kulitengeneza. Na hakuna mtu aliyewahi kuliita sanaa.

Shika hilo gari mkononi, sasa twende Lamu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, kwenye kisiwa cha Kiwayu, kaskazini ya Lamu karibu na mpaka wa Somalia, kandambili zilikuwa zinaletwa na mawimbi kila siku. Sio za pale. Zilikuwa zinatoka mbali, zinasukumwa na pepo na mikondo ya Bahari ya Hindi mpaka zinapanga foleni ufukweni, eneo ambalo kasa hupanda kutaga mayai. Watoto wa Kiwayu walifanya ambacho watoto hufanya: wakaziokota, wakazikata, wakatengeneza midoli ya kuchezea. Mtaalamu wa uhifadhi wa bahari aliyekuwa akifanya kazi huko, Julie Church, akaona ile midoli. Akawatia moyo kina mama wa kisiwa waokote kandambili, wazioshe, wazikate na kuuza wanachotengeneza. Ndio mwanzo wa kazi ambayo leo inajulikana kama Ocean Sole, yenye karakana Nairobi, wale wanaochonga twiga, tembo na faru wa rangirangi kwa kandambili zilizogandishwa pamoja. Wanyama wengine ni wakubwa kabisa kama walivyo porini. Umewapita kwenye maduka ya zawadi za watalii, ukaona bei ukarudisha mkono.

Sasa angalia historia inavyopenda kuandikwa. Jina la Church lipo, la kampuni lipo. Mtoto wa kwanza aliyekata kandambili akapata umbo la mnyama, halipo. Mama wa kwanza kubeba gunia la malapa kichwani, halipo. Simlaumu Church hata kidogo, bila yeye ile kitu ingebaki mchezo wa watoto na upepo ungefuta kila kitu. Ila ukweli ubaki palepale: wazo lilitoka kwa watoto, na ni wazo lilelile la gari la kidumu la Biharamulo. Tofauti ni kwamba Kiwayu kulikuwa na bahari na mtu wa kuangalia.

Baadaye likaja jahazi, na hapa ndipo kizazi cha simu kilipoingia.

Unalikumbuka. Flipflopi. Wazo lilianza 2016 kwa Ben Morison. Lamu akapatikana fundi wa majahazi Ali Skanda, mtu ambaye ufundi huo ni wa ukoo. Swali lilikuwa moja: plastiki iliyookotwa inaweza kuchongwa kama mbao? Mafundi wakayeyusha taka za plastiki, wakazitoa kwenye umbo la mbao nene, kisha wakazifanyia kila kitu ambacho babu zao walifanyia mti. Mkuku wa plastiki. Mataruma ya plastiki. Mbao za ubavuni, plastiki vilevile. Zilitumika takribani tani 10, jahazi likafika urefu wa mita 9, na nje wakalivisha kandambili kama 30,000 za kila rangi. Septemba 2018 likashushwa majini Lamu. Mapema 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, kama kilomita 500, likipiga hodi mji baada ya mji: watoto wa shule wanapanda, mawaziri wanapiga picha, mitandao inawaka.

Kitu ninachokipenda kwenye jahazi lile ni kwamba lilielea na likafika. Duniani kuna sanaa nyingi za plastiki ambazo kazi yake ni kusimama tu utazame. Mwaka huohuo wa 2018, Bruges kule Ubelgiji waliweka nyangumi mkubwa anayeruka kutoka kwenye mfereji, amejengwa kwa tani 5 za plastiki zilizotolewa baharini. Mzuri, sibishi. Ila unamtazama, unajisikia vibaya, unapiga selfi, unaenda kula chipsi. Jahazi la Lamu lilikuwa linamwambia fundi na mvuvi jambo lingine: hii takataka ina nguvu ya kubeba watu, usiitupe.

Sawa. Sasa Ngara.

Pale Rusumo, jirani na maporomoko, mito miwili mikubwa inakutana. Mmoja ni Ruvubu unaotoka Burundi, mwingine ni Akagera unaoshuka kutoka Rwanda. Kuanzia hapo ni Mto Kagera, mto mkubwa kuliko yote inayomwaga maji Ziwa Victoria. Unapanda kaskazini ukichora mpaka wetu na Rwanda, unakata kona kuelekea mashariki, unaingia ziwani upande wa Uganda, jirani tu na mpaka wa Tanzania. Ziwa linatoka Jinja kama Mto Naili, na Naili inaishia Misri kwenye Bahari ya Mediterania. Kwa hiyo mfuko uliodondoka Rusumo, ukibahatika kupita kila kikwazo, bahari utakayoifikia sio ya Dar. Ni ya kina Salah.

Mingi haifiki, tuwe wakweli. Inanasa kwenye mafunjo, kwenye mabwawa ya umeme, inazama, inasagika vipande vipande ziwani. Na hapo ndipo habari inapokuwa mbaya zaidi, kwa sababu ikisagika inaliwa. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa samaki walionunuliwa sokoni Mwanza, sangara na sato. Katika kila samaki watano, mmoja alikutwa na plastiki tumboni. Sato wa Mwanza. Huyohuyo unayemsifia na ugali wa muhogo.

Kama unadhani mto hauna uwezo huo wa kubeba, historia imeshajibu mara mbili. Ya kwanza ni gugumaji. Mmea wa Amerika Kusini, uliletwa Afrika kama ua la kupamba mabwawa ya watu, ukashuka na Kagera kutoka Rwanda, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa umeingia Ziwa Victoria. Miaka michache mbele mitumbwi ilikuwa inashindwa kutoka ghubani, meli zinakwama bandarini. Ua tu lile.

Ya pili naisema kwa heshima, maana sio ya kuchezea maneno. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari Rwanda, watu waliuawa na kutupwa mitoni. Kagera ikawabeba, ikawapitisha Rusumo, ikawafikisha ziwani. Wavuvi wa Uganda waliwatoa majini na kuwazika kwa maelfu, na makaburi yao yapo mpaka leo Kasensero, Lambu na Ggolo, yametunzwa kama kumbukumbu. Watu wa kandokando ya ziwa waliacha kula samaki. Mtu wa Ngara aliyekuwa mkubwa mwaka ule hahitaji kuchorewa ramani ya mto unakokwenda.

Na ndio mwaka huohuo plastiki ilipoingia Ngara kwa wingi ambao haujawahi kuonekana. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya takribani saa 24, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo. Kambi ya Benaco ikazaliwa, jina likatokana na kampuni ya Kiitaliano iliyokuwa imejenga barabara, na kwa muda ikawa moja ya sehemu zenye watu wengi zaidi nchini. Juu ya vichwa vya watu wale kulikuwa na nini? Turubai za plastiki za UNHCR, kilima baada ya kilima. Turubai lile lilikuwa nyumba, na halikuoza. Ndio tofauti yake na nyasi.

Baada ya hapo plastiki ikawa inakuja kwa barabara. Lori la Kigali au Bujumbura linapita Nyakanazi, linapita Lusahunga, linashuka Ngara, halafu Rusumo au Kabanga. Nyakanazi pale dirishani unauziwa kila kitu: maji ya chupa, soda, karanga za kwenye mfuko. Basi likiondoka, chupa zinabaki. Tuliwahi pia kuwa na pombe za viroba, mpaka Machi 2017 serikali ilipozipiga marufuku. Vile vifuko vilikuwa vidogo kiasi kwamba hakuna aliyeviona kama taka, kumbe mvua ikinyesha ndio vinatangulia mtaroni.

Halafu kuna ya Rambo. Mfuko wa Rambo, kwa waliozaliwa juzi, ni ule mwembamba wa kubebea nyanya. Rwanda waliupiga marufuku kwa sheria ya 2008, na abiria wanaovuka Rusumo wakawa wanapekuliwa mabegi, mfuko wa plastiki unaachwa mpakani. Kwetu ulikuwa halali. Zaidi ya miaka kumi daraja moja likawa na sheria mbili: ng'ambo ukikutwa nao ni kesi, huku unapewa bure ukinunua mkate. Zanzibar nao walikuwa wameukataa tangu 2006, Kenya wakaja na sheria yao kali Agosti 2017. Tanzania Bara tulifika tarehe 1 Juni 2019.

Na hapa Biharamulo inaingia kwa mlango wa mbele.

Rais aliyekuwa madarakani siku Rambo ilipokufa alikuwa mtoto wa Biharamulo ya zamani. Hayati Magufuli alizaliwa Chato, na Chato wakati huo ilikuwa sehemu ya Biharamulo. Hata bungeni aliingia 1995 kwa jimbo la Biharamulo Mashariki. Chato ikawa wilaya mwaka 2005, na 2012 ikahamia mkoa mpya wa Geita. Ilipoondoka iliondoka na ufukwe wa Ziwa Victoria na bandari ya Nyamirembe. Yaani Biharamulo ilikuwa na ziwa, ikalala, ikaamka haina. Nadhani hilo liliwafanya watu wengi wasahau kwamba ufukwe unahamishwa kwa karatasi lakini makorongo hayajui habari za mipaka ya wilaya. Mvua ya Biharamulo bado inateremka kwenda kulekule.

Machi 2021 lile jahazi la Lamu likapakiwa, likaletwa Kisumu, na kwa wiki kama tatu likazunguka Ziwa Victoria: Kenya, Uganda, Tanzania. Mara ya kwanza sanaa ya plastiki ya bahari inaacha chumvi na kufuata maji baridi. Kwangu mimi hili ni tukio kubwa kuliko safari ya Zanzibar, kwa sababu lilikuwa linasema waziwazi kwamba taka hazianzii ufukweni. Lakini kwetu halikutrendi sana, na sishangai. Tarehe 17 mwezi huohuo tulitangaziwa msiba wa Rais, nchi nzima macho yakawa Chato. Jahazi la malapa liko ziwani, na upande wa pili wa maji hayohayo watu wanaomboleza.

Mwaka mmoja baadaye, Nairobi, mwishoni mwa Februari 2022, wajumbe wa dunia walipofika kwenye mkutano wa mazingira wa Umoja wa Mataifa, wakakuta nje kuna bomba kubwa la maji limening'inia hewani, kama mita 9 kwenda juu, linamwaga plastiki badala ya maji. Kazi ya msanii Benjamin Von Wong kutoka Kanada. Ujumbe wake ni wa mtu yeyote aliyewahi kuamka nyumba imejaa maji: kabla hujapiga deki, funga bomba kwanza. Tarehe 2 Machi 2022 wajumbe wakakubaliana kuanza kuandika mkataba wa dunia wa kumaliza uchafuzi wa plastiki. Mpaka mkutano wa Geneva, Agosti 2025, walikuwa wametoka tena bila makubaliano.

Ile plastiki ya kwenye bomba ilitoka Kibera. Iliokotwa, ikaoshwa, ikafungwa na watu wa Kibera. Msanii ana jina, mkutano una namba ya azimio, waokotaji ni "wakazi". Kiwayu tena, miaka ishirini na ushee baadaye.

Ukiangalia mfululizo wote huu, sanaa hii imekuwa ikisogea hatua kwa hatua kutoka mwisho wa safari ya plastiki kuelekea mwanzo wake. Kwanza ufukwe. Kisha jahazi. Kisha ziwa. Kisha bomba. Hatua inayofuata kwa hesabu hiyo ni mto, na kama ni mto basi ni huku juu. Watu wa maziwa yetu wengine wameshaanza: Bukavu wapo vijana wanaosuka vikapu kwa plastiki iliyotolewa Ziwa Kivu, mji ambao mabwawa yake ya umeme kwenye Mto Ruzizi yamekuwa yakizibwa na chupa mpaka taa zinakatika. Kampala, Ruganzu Bruno alijenga uwanja wa michezo wa watoto kwa chupa na taka nyingine kwenye mtaa wa walalahoi, akapata tuzo ya TED mwaka 2012. Na Rusumo sasa kuna kituo cha umeme cha megawati 80, cha nchi tatu. Kinakunywa maji ya mto uleule.

Halafu kuna jirani ambaye huwa tunamsahau. Vuka daraja la Rusumo, lile jipya ambalo Magufuli na Kagame walilizindua Aprili 2016, uko Kirehe, Rwanda. Pale ndipo nyumbani kwa imigongo, michoro ya mistari na pembe inayotengenezwa kwa samadi ya ng'ombe, inakaushwa na kupakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Imetoka kwenye kuta za nyumba za kijijini ikafika kwenye hoteli za kifahari na viwanja vya ndege. Samadi! Kwa hiyo usiniambie watu wa ukanda ule hawajui kugeuza taka kuwa kitu cha kutazamwa. Wanajua kuliko Bruges.

Kinachonikera ni kwamba Ngara na Biharamulo, kila zikitajwa kwenye habari za mazingira, zinatajwa kama sehemu ya kupelekewa semina. Mabango, fulana, hotuba, na maji ya chupa kwa washiriki. Wakati kule kijijini kuna mafundi wa kata-malapa, mabingwa wa mpira wa makaratasi unaodunda kuliko wa dukani, na kina mama ambao waliposhindwa kupata nyasi walianza kusuka kapu kwa kamba za plastiki za kufungia mizigo. Hakuna aliyewaita wasanii kwa sababu wanachotengeneza kinatumika, hakitundikwi ukutani. Na kwa sababu hakuna bahari nyuma yao kwenye picha.

Kingine, na hili tulisemee chini chini: ile mifuko mbadala tuliyopewa baada ya 2019, inayoonekana kama kitambaa, mingi ni plastiki pia. Ni nyuzi za polipropilini zimebanwa pamoja. Watoto walishaijua siku nyingi, maana haiungui kama kitambaa na mpira wake ni mzito.

Jahazi la Flipflopi halitafika Rusumo. Ni maporomoko, hakuna chombo cha majini kinachoyapanda. Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen aliyavuka hapo akaingia Rwanda, na vitabu vikaandika jina lake bila kuandika la aliyempigia kasia. Ukisimama darajani leo, upande wa kushoto na wa kulia maji ni ya kahawia yaleyale, na chupa ikidondoka kutoka kwenye foleni ya malori unaiona mara moja tu, inachungulia kwenye povu, halafu imeshapita.